Gemu la tabianchi lijue kwanza maji yanapwa lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na vijana, walimu na asasi za Tanga wanaotaka kutengeneza gemu la simu linalosimulia mabadiliko ya tabianchi. Wazo ni zuri, na vifaa vyake vingi vinapatikana bure. Tatizo ni kwamba magemu mengi ya namna hii yana sura moja: mtoto anakimbia ufukweni akiokota chupa za plastiki, anapanda miti kwa kubofya, anajibu maswali matatu, anapewa nyota. Chupa ya plastiki ni taka. Kuiokota ni jambo jema, ila hakupunguzi joto la bahari hata kidogo. Na mchezaji wa pwani ya Tanga, wa Sahare au Kigombe, atalifuta gemu hilo kabla ya hatua ya pili, kwa sababu bahari iliyomo haijai wala haipwi.

Ninachotetea ni kwamba tabianchi ikae ndani ya kanuni za gemu, yaani kwenye hesabu zinazoamua maji yafike wapi, mwani ukue kiasi gani na mvua ije lini. Ikikaa humo, mchezaji ataikuta mwenyewe akiwa katika shughuli zake. Ikikaa midomoni mwa wahusika inakuwa hotuba yenye picha, na hotuba tunazo za kutosha.

Tuanze na maji. Kupwa na kujaa hakuhitaji hesabu kubwa. Chukua mawimbi mawili ya kosaini: moja lenye mzunguko wa saa 12.42, hilo la mwezi, na jingine la saa 12 kamili, la jua. La kwanza lipe kimo cha mita 1.1 juu na chini ya usawa wa kati, la pili mita 0.5, kisha yajumlishe. Yakienda sambamba unapata bamvu, tofauti ya mita 3.2 kati ya maji kujaa na maji kupwa. Yakipingana unapata maji mafu, tofauti ya mita 1.2. Bamvu linarudi lenyewe kila baada ya siku 14.77 bila kuandika mstari mwingine wowote. Hili si jedwali la kuingizia meli bandarini, lakini kwa gemu linatosha. Cha kuangalia ni saa ya kuanzia. Pwani yetu maji ya bamvu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, kwa hiyo anza hesabu saa kumi alfajiri ya siku ya bamvu, mawimbi yote mawili yakiwa kileleni. Ukiacha saa ianze popote, bamvu lako litapwa saa kumi alasiri, na mama yeyote anayelima mwani ataona kwa mara moja kwamba aliyetengeneza gemu hili hajawahi kulowa miguu.

Sasa ongeza bahari inayopanda. Ripoti ya sita ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, inasema kati ya 2006 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka. Kwa miaka 20 hiyo ni sentimita 7.4, upana wa kiganja. Hapa ndipo wabunifu wengi wanapoharibu. Mchoraji anapandisha mstari wa maji kwenye picha, anaona hakuna kilichobadilika, anaamua kutia chumvi: kiganja kinakuwa mita mbili na minazi inazama. Mchezaji anayeiona bahari hiyo hiyo kila siku hatakuamini tena, hata pale utakaposema kweli.

Kupanda huko kusichorwe. Kuhesabiwe kwa siku. Weka kizingiti cha nyumba ya mhusika kwenye mita 1.58 juu ya usawa wa kati wa bahari. Kwa kanuni niliyoieleza, kila bamvu lina kipindi cha siku 1.6 hivi ambamo maji yakijaa yanavuka kizingiti hicho. Ongeza zile sentimita 7.4, kipindi kinakuwa siku 3.5. Kiganja kimoja kimezidisha siku za maji uani zaidi ya mara mbili, na hakuna mtu aliyetia chumvi. Mchezaji haoni bahari ikipanda. Anachoona ni kwamba sura ya kwanza aliamka na maji uani siku moja akayafagia, na sura ya tatu anafagia leo, kesho na keshokutwa, na kuta za udongo zinaanza kumeguka chini.

Joto na mvua vina njia yao. Ripoti hiyo hiyo ya IPCC inatoa namba zinazofaa kabisa kwa kete. Joto kali la nchi kavu ambalo zamani, kati ya 1850 na 1900, lilitokea mara moja kwa miaka 10, hutokea mara 2.8 dunia ikiwa imepata joto la nyuzi 1, mara 4.1 kwa nyuzi 1.5, na mara 5.6 kwa nyuzi 2. Mvua kubwa ya siku moja ya kiwango hicho hicho hupanda taratibu zaidi: mara 1.3, mara 1.5, mara 1.7. Hizi ni wastani wa nchi kavu duniani kote, si za wilaya ya Pangani, na gemu liseme hivyo kwenye ukurasa wake wa maelezo. Lakini angalia tofauti ya safu hizo mbili. Gemu linalofanya kila masika kuwa gharika linadanganya kuhusu mvua na wakati huo huo linasahau joto, ambalo ndilo linaloongezeka kwa kasi.

Vimbunga navyo visifanywe pilipili ya kila chungu. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024, na Zanzibar ilipigwa vibaya mwaka 1872, ila pwani ya kaskazini ya Tanzania ipo karibu mno na ikweta kwa kimbunga kuwa jambo la kila mwaka. Kama sura yako ina kimbunga, kiwe kimoja, na kiwe jambo ambalo wazee wa kijiji hawana mazoea nalo. Hapo kitatisha zaidi.

Kete tupu zina ubaya wake. Kwa nafasi ya 28 kwa 100, yaani ile mara 2.8 kwa miaka 10, mchezaji anaweza kupata miaka mitano mibaya mfululizo akaona gemu linamwonea, au miaka minane mizuri akahitimisha kwamba hakuna tatizo. Tumia mfuko: tia karata 10, tatu za mwaka wa joto kali na saba za kawaida, zichanganye, toa moja moja hadi ziishe, kisha jaza upya. Uwiano unabaki karibu na ule wa kweli, na ndani ya kila karata 10 bahati haivuki mpaka. Hifadhi pia mpangilio wa karata pamoja na hatua aliyofikia mchezaji. Usipofanya hivyo, kijana atazima gemu kila anapotoa karata mbaya, atafungua tena, atatoa nyingine, na ndani ya dakika kumi atakuwa amejifunza kwamba dawa ya ukame ni kuzima simu.

Mwani ndio moyo wa gemu nililolifikiria, na hapa naomba msomaji anivumilie. Shamba la mambo, yaani vigingi, na kamba lina kila anachohitaji mbunifu: kazi inayorudiwa, muda unaobana, na uamuzi wenye gharama. Mchezaji anapigilia mambo mchangani, anavuta kamba, anafunga vipande vya mbegu vya gramu 100 kwa vijikamba vya taitai, anasubiri wiki sita, anavuna, anaanika. Kazi hiyo inafanyika kwenye bamvu tu, maji yakiwa yamepwa, na ule mfumo wa maji tuliokwisha kuutengeneza sasa unakuwa saa ya gemu zima. Maji mafu yanabaki kwa mambo ya nyumbani: soko, mikutano, madeni, harusi.

Hesabu ya ukuaji ni ya riba. Mpe mwani asilimia 5.6 kwa siku. Baada ya siku 42 gramu 100 zimekuwa karibu gramu 990. Joto la maji likizidi kiwango ulichoweka, shusha ukuaji hadi asilimia 3. Kwa siku zile zile 42 zinatoka gramu 346. Mchezaji hataona tofauti siku ya tatu wala ya kumi. Ataiona siku ya kupima, mzani ukiwa mbele ya mnunuzi. Kisha kumbuka kwamba kilo 7 hivi za mwani mbichi hutoa kilo 1 kavu, kwa hiyo hasara inapofika mkononi inakuwa shilingi chache kweli. Kama mnunuzi wa gemu lako anapima mwani mbichi, wakulima watakucheka.

Ndani ya shamba hilo kuna uamuzi wa kweli ambao wakulima wa pwani yetu na wa Unguja wanaujua. Kuna aina mbili: kotonii, yenye bei nzuri lakini isiyostahimili maji ya moto, na spinosamu, ngumu zaidi ila bei yake ni ya chini. Bamvu likipwa saa nne hadi saa sita mchana, jua linapasha yale maji machache yaliyobaki, matawi ya kotonii yanageuka meupe, yanalainika na kukatika. Dawa moja ni kuhamia kina kirefu na kutumia kamba za kuelea. Lakini kina kirefu kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea, na wengi wa wakulima wa mwani ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea wala hawana dau. Basi mchezaji ana njia tatu: abaki na kotonii mahali pale na kuomba Mungu, ahamie spinosamu na kipato kishuke, au akope chombo, ajifunze kuogelea na akabiliane na maneno ya kijiji. Hakuna kati ya hizo iliyo jibu sahihi, na gemu lisithubutu kuiwekea mojawapo alama ya tiki ya kijani.

Kamba nazo zikatike. Pepo za kusi zinapovuma kwa nguvu hung'oa mambo na kusambaza mwani ufukweni, na maji ya mvua nyingi za masika yakiteremka kutoka mtoni hupunguza chumvi na kuudhoofisha mwani huo huo. Hayo yalikuwepo kabla ya mabadiliko yoyote ya tabianchi. Yawepo kwenye gemu kwa sababu hiyo hasa: mchezaji atalazimika kujiuliza kama hasara ya safari hii ni ya kusi tu au kuna kitu kingine, na mtu halisi hujiuliza hivyo hivyo.

Mikoko. Kanuni ya "panda mche, pata pointi" ingefaa ipigwe marufuku. Miche mingi ya mikoko inayopandwa kwa shangwe hufa, na sababu kubwa ni kupandwa chini mno, kwenye tope tupu ambalo hufunikwa na maji muda mrefu kuliko mche unavyoweza kuvumilia. Kwa kawaida mikoko huota kati ya usawa wa kati wa bahari na kimo cha juu cha bamvu. Mfumo wako wa maji tayari unajua, kwa kila mraba wa ramani, ni saa ngapi kwa siku mraba huo uko chini ya maji. Basi mche uishi au ufe kwa namba hiyo. Kila aina ya mti ina mahali pake: mlilana ukae mbele kuelekea baharini, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa na mchu zaidi ndani. Mchezaji akipanda mkoko mahali pa mlilana kwa sababu pana nafasi, afungue ramani baada ya miezi sita aone vijiti vitupu vyenye viumbe vya magamba vilivyonata kwenye mashina. Wala mikoko isizuie mawimbi mwaka ule ule wa kupandwa. Ipe angalau sura nzima ya hadithi. Na kwa kuwa mikoko ya Tanzania ni hifadhi ya misitu, kitufe cha kukata boriti kiulize kibali kwanza. Mchezaji akiamua kukata bila kibali, aruhusiwe, na mambo yafuate.

Kisima nitakipitia upesi. Kwenye ardhi ya mchanga ya pwani, maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, na kwa kanuni maarufu ya Ghyben na Herzberg kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari hushikilia mita 40 chini yake. Maana yake, ukivuta kwa pampu hadi maji yashuke sentimita 10, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 4. Namba hiyo moja inatosha kutengeneza ugomvi wa majirani wawili, mmoja mwenye pampu na mmoja mwenye ndoo. Kama hadithi yako iko mjini na si kijijini, chanzo kiwe bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, unaotoka misitu ya Amani kule Usambara, na mchezaji apewe mhusika mmoja wa huko juu anayelima kwenye mteremko. Hata ile hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa miradi ya mazingira unaouzwa kwa wananchi, ya mamlaka ya maji ya Tanga UWASA ya mwaka 2024, ya shilingi bilioni 53.12, ingeweza kuwa tukio: mhusika ana akiba ya kikundi, anunue kipande au anunue kamba mpya?

Sasa jambo ambalo wafadhili hawapendi kulisikia. Mchezaji wa gemu hili asipewe uwezo wa kushusha joto la dunia. Magemu mengi yana kipimo cha joto pembeni ya skrini, ukipanda miti kumi kinashuka. Mkulima wa mwani hana mkono kwenye kipimo hicho. Kiwango cha joto kiamuliwe mwanzoni mwa gemu na kibaki nje ya mikono yake: dunia ya nyuzi 1.5 au dunia ya nyuzi 2. Maamuzi yake yabadilishe nani anaumia, nani anahama, deni linabaki kwa nani. Kisha acha gemu lichezwe mara ya pili kwenye kiwango kingine, kwa maamuzi yale yale, na mchezaji aone mwenyewe tofauti ambayo yeye hakuileta. Makadirio ya IPCC ya mwaka 2018 kuhusu matumbawe yanatosha kuonyesha pengo hilo: kwa nyuzi 1.5 yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, kwa nyuzi 2 kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa mvuvi wa madema anayetegemea miamba, hizo ni dunia mbili.

Sura tatu zinatosha. Ya kwanza iwe 1998, mvua za El Niño zikiwa zimepita na matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipauka kwa joto la mwaka huo. Ya pili iwe 2024. Ya tatu 2045, na hapo gemu liandike wazi kwamba ni makadirio. Familia iwe moja, kijiji kiwe cha kubuni mahali fulani kati ya Tongoni na Pangani, ili usigombane na serikali ya mtaa wowote kuhusu nani alichimba mchanga wapi. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na gemu la tabianchi la Tanga likijifanya halilioni litakuwa limejipaka matope. Lisihubiri pia. Mpe kijana mmoja wa familia kibarua huko, mshahara ununue ile boti ya kwenda kina kirefu, na waache ndugu wabishane. Silikanti, yule samaki adimu wa kale, kwa upande mwingine, nasihi aachwe. Najua Tanga ina hifadhi yake ya bahari tangu 2009 na kila mchoraji anatamani kumchora, lakini samaki wa kina kirefu namna ile hana kazi kwenye shamba la mwani.

Kuhusu matawi ya hadithi: maamuzi 10 yenye njia mbili mbili, kila moja ikifungua tawi lake, yanazaa miisho 1,024. Hakuna timu ya watu watatu itakayoandika hiyo. Acha matawi yatawanyike kwa matukio mawili matatu kisha yakutane tena, na tofauti zihifadhiwe kwenye namba chache: chumvi ya kisima, akiba ya nyumba, hali ya mikoko, imani ya majirani, deni. Tukio la baadaye lisome namba hizo na kuchagua maneno. Namba tano zikiwa na ngazi tatu tatu zinatoa hali 243, na unaandika mistari ya ziada michache tu. Rasimu iandikwe kwenye Twine, programu ya kuandikia hadithi zenye matawi, ambayo ni bure na hutoa faili moja la kurasa za wavuti unaloweza kumtumia mtu kwa WhatsApp akalifungua kwenye simu. Usichore chochote kabla rasimu hiyo haijasomwa hadi mwisho na watu wasiokujua.

Mazungumzo yaandikwe kwa sikio. Linganisha hili: "Shangazi, mabadiliko ya tabianchi yamesababisha ongezeko la joto la bahari lililoathiri zao la mwani." Na hili: "Shikamoo shangazi. Kamba ya pili nayo imekwisha." "Marahaba mwanangu. Imekwisha vipi, nani kaivuna?" "Hakuna aliyeivuna. Nyeupe tupu, ukiigusa inabaki mkononi." La pili halikutaja tabianchi na limesema zaidi.

Kuna mitego ya lugha ambayo injini za Kizungu, yaani programu za kutengenezea magemu, hazikuiwaza. Mfumo wa kujaza nafasi, "umepata idadi fulani ya kitu fulani", unavunjika kwa ngeli: miche mitatu, samaki watatu, kamba tatu, vikapu vitatu. Ukitumia tarakimu baada ya jina, miche 3, samaki 3, umekwepa nusu ya tatizo. Kitenzi hakikwepeki: miche imekufa, samaki wamekufa, kamba zimekatika. Kwa hiyo jedwali la vitu liwe na safu ya ngeli tangu siku ya kwanza. Halafu ile alama ya ng'. Msimbo ukifunga maneno kwa alama moja ya juu, ng'ombe na Mtang'ata watakata sentensi katikati. Tumia alama mbili. Na kibodi za simu huandika alama iliyopinda, ambayo fonti nyingine hazina, hivyo mchezaji anaona kisanduku badala ya neno. Safisha maandishi yote kabla ya kuyaingiza.

Injini ninayoipendekeza ni Godot: bure, chanzo huria, haidai mgawo wa mapato. Chagua mfumo wake wa uchoraji wa kiwango cha chini, uliokusudiwa simu za kawaida, kwa sababu wachezaji wako wengi wana simu za RAM ya GB 2. Picha moja ya pikseli 2048 kwa 2048 isiyobanwa hula MB 16 za kumbukumbu. Ikibanwa kwa ETC2, namna ya kubana picha kwa ajili ya simu, hula MB 4. Mandhari kumi zisizobanwa ni MB 160 na gemu linazimika lenyewe kwenye simu ya bei nafuu. Zilizobanwa ni MB 40 na linaenda. Sauti ni muhimu, maana wapo wachezaji wasiosoma haraka: Ogg ya mono kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua KB 480 kwa dakika, hivyo nusu saa ya mazungumzo haifiki MB 15. Funga picha kwenye fremu 30 kwa sekunde, betri itakushukuru. Gemu lijihifadhi lenyewe kila linapowekwa nyuma, kwa kuwa simu itapigwa katikati ya mchezo na Android inaweza kulifunga bila kuuliza. Na lisitake intaneti hata mara moja baada ya kupakuliwa. Wengi watapokezana kwa Bluetooth, wala hilo si wizi kama ulilitengeneza litumike.

Kulipeleka Play Store kunalipiwa dola 25 mara moja. Akaunti mpya ya mtu binafsi hutakiwa kuwa na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kulitoa kwa umma, na vijana wengi hugundua sharti hilo wiki ya uzinduzi, mgeni rasmi akiwa keshaalikwa. Watafuteni watu hao 12 mapema, na angalau nusu yao wawe wakulima wa mwani, wavuvi na watoto wao. Wakicheza, msiwaeleze kitu. Andikeni mahali wanapokwama, mahali wanaporuka maneno bila kusoma, na kila wanaposema "siyo hivyo". Hilo la mwisho lina thamani kuliko yote: likitajwa na watu wawili kuhusu maji, upepo au bei, rudini kwenye kanuni mrekebishe, hata kama picha zake mmekwisha kuzilipia.

Ndugu Mhariri, kama utaona inafaa, chapisha kila wiki saa za maji kujaa na kupwa za bandari ya Tanga. Watengenezaji wa gemu watapata cha kulinganishia hesabu zao, na wakulima wa mwani wanazihitaji hata bila gemu.

Mtengenezaji wa magemu ya simu,
Chumbageni, Tanga